Likizo ya Mfanyakazi na Mali Isiyongoja

Wako watu miongoni mwetu wadhanio kwamba matembezi ya mapumziko ni jambo la matajiri na la wageni watokao ng'ambo. Kwa fikira zao, mfanyakazi apatapo likizo hana budi kukaa barazani akihesabu siku za kurudi kazini. Fikira hizo ni masalio ya zama zilizopita, na yafaa ziondoke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo, yenye malipo, kwa kila mzunguko wa mwaka wa kazi. Siku hizo ni haki yake. Swali tunalotaka kulijadili leo ni hili: mfanyakazi azitumiapo, na fedha yake kidogo aitoapo kwa chakula na kinywaji, je, fedha hiyo yamfikia nani?

Ili tusiseme kwa mafumbo, na tuchukue mfano wa nchi moja tuijuayo. Tuanze Tindiga, wilayani Kilosa, katika bonde lililo baina ya milima ya Usagara na mbuga ya Mikumi. Kisha tupande na reli hadi Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu. Sehemu hizi mbili hazifanani kwa mvua wala kwa mazao, lakini mkulima wa huku na wa kule wana shida moja, na mfanyakazi aliye likizo anaweza kuwasaidia wote wawili.

Majina ya nchi hii yanajieleza yenyewe. Tindiga, kwa Kiswahili, ni mahali pa majimaji na matope, na ndivyo lilivyo bonde lile: maji yatokayo milimani hutandaa humo, na mpunga husitawi. Mikumi nayo imepata jina lake kwa miti ya mikumi, ambayo watu wa pwani huiita mivumo, ile mirefu jamii ya mnazi yenye majani kama upepo wa mkono. Mti huo hutoa matunda ya kuliwa, majani ya kusukia na kuezekea, na katika sehemu nyingi za Afrika hugemwa utomvu wake ukawa tembo. Nchi yenye maji, mchele, samaki na mivumo haikuumbwa kuwa nchi ya njaa wala ya ukiwa.

Lakini yatupasa kukumbuka kwamba katika Kilosa mapumziko hayakuwa haki ya kila mtu. Wilaya hii ilikuwa moja ya vituo vikubwa vya mkonge. Manamba waliletwa kutoka bara kufanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo mtu hakumaliza sehemu aliyopimiwa haikutiwa alama. Mtu wa namna hiyo alipumzika wapi? Alipumzika kilabuni, penye pombe ya nafaka na vumbi, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine alipokaribishwa. Vinywaji vya Wazungu vilikuwa na sheria zake za ubaguzi, na mkataba uliotiwa sahihi Saint-Germain, Ufaransa, mwaka 1919, ulizuia pombe kali za biashara zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Walioutia sahihi walisema wanamlinda Mwafrika. Lakini mezani mwao wenyewe chupa hazikupungua.

Hata hivyo kilabu kile hakikuwa mahali pa ulevi tu. Kilikuwa baraza. Wakaguru na Wasagara, wenyeji na wageni, wakulima na wafugaji walikutana hapo, wakapashana habari, wakapatana bei, na mara nyingine wakagombana. Tunalitaja jambo hili kwa sababu watu wanaokula na kunywa pamoja hufahamiana, na watu wanaofahamiana huweza kuzungumza siku ya matata. Kilosa imeonja uchungu wa kukosa mazungumzo hayo: Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua zaidi ya watu 30. Ardhi ya majimaji hutakiwa na wote wawili: mmoja kwa mpunga, wa pili kwa majani wakati wa kiangazi. Basi mtu asiseme kwamba habari za chakula na starehe ni habari ndogo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alitamka katika mkutano wa Arusha, mwezi wa Septemba mwaka huo huo, kwamba wanyama wa porini ni amana ambayo taifa litailinda. Mwaka 1964 Mikumi ikafanywa Hifadhi ya Taifa, na leo ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia yapita katikati yake, hata abiria wa basi aweza kumwona tembo na twiga bila kushuka. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini pia ni jambo la kufikiri. Magari mengi hupita, na anayepita hanunui kitu. Mgeni hutazama mnyama, hulala hotelini, kisha huenda zake, wala hajui kwamba bondeni, nyuma ya mbuga aliyoitazama, yuko mkulima aliyepandikiza mpunga huku maji yamemfika magotini.

Sasa na tuitazame shida yenyewe. Mpunga unaweza kungoja ghalani, lakini mkulima mwenyewe hawezi kungoja: ana ada, ana deni, ana mgonjwa. Kwa hiyo huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na mara nyingi gunia hushindiliwa na kufungwa lumbesa, mkulima akatoa zaidi ya kile alicholipwa. Tembo la mti lina haraka kubwa kuliko hiyo. Utomvu huanza kuchachuka wenyewe saa ile ile unapodondoka katika kibuyu. Asubuhi ni mtamu, jioni ni pombe, na baada ya siku mbili ni siki. Ndivyo ulivyo pia ulanzi wa Iringa, ugemwao katika mianzi michanga wakati wa mvua. Mali ya namna hii haingoji meli wala soko la mbali. Yataka mnywaji aliye karibu.

Zabibu nazo ni ndugu wa mali hiyo. Mtu akipanda treni Kilosa kuelekea magharibi, ataona nchi ikikauka kidogo kidogo, milima ikabaki nyuma, na hewa ikawa nyepesi. Ugogo ni nchi ya jua jingi na mvua chache, na mambo haya yanayomtesa mkulima wa mahindi ndiyo yanayompendeza mzabibu. Wamisionari Wakatoliki waliupanda Dodoma katika karne iliyopita kwa ajili ya divai ya altare. Baadaye wananchi wakaushika, na utafiti ukafanyika Makutupora, ambako ndiko lilikotoka jina la zabibu nyekundu ipendwayo na watengenezaji wa mvinyo. Katika nchi nyingi za Ulaya mzabibu huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma, mkulima akipogoa vizuri, huvuna mara mbili.

Neema hiyo ina uchungu wake. Zabibu iliyoiva haiwekwi ghalani. Haina budi kuliwa, kukaushwa, au kukamuliwa upesi. Mara kwa mara msimu umefika na wakulima wakakosa wanunuzi, zabibu zikaozea shambani mbele ya macho yao. Ndiyo sababu wengi wamejifunza kukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda. Hiyo ni hatua ya maana. Lakini auzaye mchuzi bado anangoja bei ya mwenye kiwanda, na faida kubwa hutokea mbele, pale mchuzi unapotiwa katika chupa na kupata jina. Na wakati huo huo, katika miji yetu, wako watu waonao fahari kuweka mezani divai ya Afrika Kusini au ya Ulaya, na kuona haya kuweka ya Dodoma.

Hapa ndipo likizo ya mfanyakazi inapoingia. Ikiwa mali haiwezi kungoja wala kusafiri, basi mnunuzi na asafiri aifuate. Zamani neno hili lingekuwa gumu, kwa kuwa nauli na siku za njiani zilikuwa nyingi. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1905 na 1914, na mafuriko ya Mkondoa yameikata zaidi ya mara moja, kama yalivyofanya vibaya sana mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 baina ya Kilosa na Gulwe. Lakini tangu Julai 2024 treni ya umeme huchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma, ikipita Kilosa katika mahandaki yaliyotobolewa milimani. Reli hiyo imejengwa kwa fedha ya wananchi na kwa deni watakalolilipa wananchi. Itakuwa ajabu kama watakaoitumia kwa matembezi watakuwa wengine.

Mfanyakazi akishuka Kilosa, anaweza kula wali wa bondeni kwa samaki, uliopikwa na mama lishe aliyenunua mchele kwa jirani yake. Akifika Dodoma, anaweza kula ugali wa mtama kwa mlenda au nyama ya mbuzi, akanunua zabibu katika kikapu cha aliyezichuma, na kama ni mnywaji, akaonja mvinyo mahali ulipotengenezwa. Asiyekunywa pombe, kwa dini yake au kwa hiari yake, hatakosa maji ya zabibu, ukwaju na ubuyu. Katika kila kimoja cha vitu hivyo, shilingi inakwenda hatua moja tu kabla ya kumfikia mwenye jasho. Hakuna lumbesa katika sahani ya wali.

Hatusemi haya kuwasifu walevi. Mvinyo wa zabibu una nguvu mara mbili au zaidi ya tembo, na mtu anayeunywa kama maji atajidhuru na kuidhuru nyumba yake. Gongo ni sumu na pia ni kosa kisheria. Wala hatutaki mivumo iliyoipa Mikumi jina imalizwe, maana mti huo ukigemwa kwa kukatwa kilele hufa, na kupata mwingine huchukua miaka mingi. Wenyeji nao wana wajibu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji: wageni wakianza kuja, chakula na kiendelee kuwa safi, kipimo na kiwe cha haki, na bei isipande kwa kuona uso mgeni.

Iliyobaki ni kazi ya kupanga. Chama cha wafanyakazi chaweza kukusanya watu 30 au 40 wa kiwanda kimoja na kupatana mapema na kijiji, ili mama lishe ajue idadi ya sahani, na mkulima ajue idadi ya vikapu. Halmashauri zaweza kutenga mahali pa kivuli, choo safi na maji. Vyama vya ushirika vya zabibu na vya mpunga vyaweza kuwa na duka lao wenyewe karibu na stesheni. Mambo haya hayahitaji mtaji wa kutoka ng'ambo. Yahitaji watu kukubaliana tarehe.

Nchi hii ina wakulima wenye mali isiyoweza kungoja, na wafanyakazi wenye siku 28 zisizo na mpango. Yafaa wakutane. Mfanyakazi na aulize, kila aketipo mezani, chakula hiki kimetoka shamba gani na kinywaji hiki kimekamuliwa na nani; na akipata nafasi, na apande treni akamwone.