Msimamizi wa Saiti na Watu Wake

Kazi ya ujenzi ina viongozi wengi kwa wakati mmoja. Mwenye jengo ana fedha, msanifu ana michoro, mhandisi ana mahesabu ya nondo na zege, na mkandarasi ana dhamana ya kuigeuza michoro iwe jengo. Nchini Tanzania wote hawa wanaangaliwa na sheria. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, huwapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba, la kwanza likiwa la kazi kubwa zaidi. Lakini anayeshinda na wafanyakazi kutwa nzima si yeyote kati yao. Ni msimamizi wa saiti, ambaye wengine humwita fomani au nyapara, na heshima anayopewa ni ndogo mno kuliko mzigo alioubeba.

Wengi wa wasimamizi hawa walianzia chini kabisa. Mtu huingia saiti akiwa saidia fundi, anabeba karai na kupanga tofali, taratibu anazoea pima maji na timazi, anajifunza kufunga nondo na kusoma ramani, mwisho anaaminiwa kusimamia wenzake. Mkono wake ni mzuri, na ndio uliompandisha cheo. Kugawa watu kwa zamu, kutunza daftari la mahudhurio, kumsikiliza kibarua mwenye malalamiko, na hasa kumkatalia tajiri anayetaka kazi iharakishwe, hayo hakuna aliyemfundisha.

Pengo hilo huonekana wazi siku ya kumwaga zege la slabu. Mafundi husema zege halilali: likianza kumwagwa, sharti liishe siku hiyohiyo. Vibarua hujipanga mstari kwenye ngazi na ndoo hupita mkono kwa mkono kwenda juu. Ikifika alasiri mabega yamechoka, jua ni kali, na zege limeanza kuwa zito. Aliye kwenye mashine ya kuchanganyia huongeza ndoo ya maji ili liteleze. Sasa linamwagika kwa urahisi na uso wake unapendeza, kumbe maji yale ya ziada yakishakauka huacha vitundu vidogo ndani na nguvu ya zege hushuka. Siku hiyo hakuna atakayeliona kosa. Nguvu hupimwa kwa kuvunja vipande vya mchemraba, kwa kawaida baada ya siku 7 na siku 28, na kwenye saiti nyingi ndogo vipande hivyo havichukuliwi kabisa.

Aliyekuwa karibu na ile ndoo ni msimamizi. Kama asubuhi aliwaambia watu wake kwamba wakimaliza mapema wataondoka, amewapa yeye mwenyewe sababu ya kuongeza maji. Kama alileta watu wa kutosha, akapanga zamu za kupumzika na kuhakikisha maji ya kunywa yapo, anaweza kukataza na akasikilizwa. Hali ni hiyo pia katika kung'oa mirunda inayoshikilia boksi kabla zege halijakomaa, au kumpandisha mtu juu ya kiunzi kilichofungwa ovyo.

Ugumu wake unazidishwa na aina ya ajira. Mara nyingi mkandarasi humkabidhi fundi mkuu sehemu ya kazi, naye huja na vijana wake kwa makubaliano ya mdomo. Leo wapo ishirini, kesho wapo kumi na wawili, nusu yao wageni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba wa kazi maalumu, unaoifaa sana kazi ya ujenzi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, upo kwa ajili ya anayeumia kazini. Ila kibarua ambaye jina lake halimo popote, akianguka kutoka ghorofa ya tatu, hukosa hata pa kuanzia kudai haki yake. Mara nyingi daftari la msimamizi ndilo ushahidi pekee kwamba alikuwepo.

Majengo yaliporomoka na kuua watu katikati ya Dar es Salaam Machi 2013, mtaa wa Huruma jijini Nairobi Aprili 2016, na Kariakoo Novemba 2024. Kila ajali ina chanzo chake, na si haki kumtwika msimamizi makosa ya wakubwa. Hata hivyo Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliamua kuwatambua rasmi hata mafundi na wasimamizi wa saiti, si makandarasi peke yao. Ni uamuzi sahihi. Tanzania nayo, kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mitaani. Mpango huo ungefaa zaidi ukipima pia uwezo wa kuongoza watu.

Anayejenga, hata nyumba ya vyumba vitatu, aulize mapema nani atasimamia, atalipwa kiasi gani, na ana mamlaka ya kusimamisha kazi au hana. Kama hana, ampe yeye mwenyewe mbele ya mafundi wote.