Kinjeketile: Kiongozi Aliyezidiwa na Neno Lake

Kinjeketile, mhusika mkuu wa tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, hana jeshi wala kiti cha urithi. Mchezo unapoanza, watu wa kusini mwa Tanganyika wanalimishwa pamba ya Wajerumani kwa viboko, na njaa imeingia majumbani kwa sababu mashamba yao wenyewe yamekosa wa kuyalima. Wanaume wanakutana kwa siri kutafuta la kufanya, lakini kila mmoja anamtilia shaka mwenzake wa kabila jingine. Wakati huo Kinjeketile amejitenga, yumo katika mawazo yake.

Mamlaka yake yanapatikana mtoni. Hongo, pepo wa maji, anampagawisha na kumvuta majini mbele ya watu, nao wanaamini amekufa. Anapotoka akiwa hai, ana maji ya dawa yatakayowakinga wapiganaji na risasi. Kuanzia hapo amri yake inasikilizwa na watu wasiopikika chungu kimoja, kwa kuwa wanaamini anayesema si yeye. Nguvu hiyo ina sharti lake: inadumu maadamu Kinjeketile ni mjumbe tu. Siku atakayosema kwa akili yake mwenyewe, atakuwa mtu kama wengine.

Siku hiyo inakuja mapema. Akiwa amepagawa, ametangaza kwamba Mjerumani akishashindwa, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani raia wa Sultani wa Zanzibar. Umati unashangilia. Baadaye, akili zikiwa zimemrudia, anayapima maneno hayo na kuyaona yalivyo: kumng'oa mtawala mmoja ili kumkaribisha mwingine. Hapa ndipo penye uzito wa tamthilia nzima. Kama Hongo amekosea kuhusu Sultani, mtu ataaminije kwamba amesema kweli kuhusu maji? Kinjeketile hawezi kuikana sehemu moja ya neno bila kuliangusha lote, na likianguka, umoja ulioletwa na maji utakwenda nalo.

Anajaribu njia ya katikati. Anawataka watu wasubiri, na mwenzake, Kitunda, anawafundisha vita, ili maarifa yashike nafasi ambayo dawa huenda isiijaze. Kwa mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba risasi haimdhuru, subira haina maana. Wapiganaji wanachoka kungoja, na vita inaanza bila idhini yake. Inafaa kusisitiza kwamba hakuna aliyempindua: wote bado wanamheshimu, wanapigana kwa jina lake, na bado hawamtii. Wanalitii lile neno la mtoni, ambalo sasa linatembea bila yeye. Mbele ya bunduki za Kijerumani wanakufa kwa wingi.

Kinjikitile Ngwale wa historia, mganga wa Ngarambe, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Maji Maji, ndivyo vinavyoigizwa katika tamthilia hii, vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Mapigano yaliendelea hadi 1907. Hussein, ambaye katika utangulizi anaeleza kwamba mhusika wake ni wa kubuni, anamwacha Kinjeketile wake aishi mpaka ashuhudie kushindwa. Ni uamuzi mzuri wa kisanaa, kwani bila huo asingefikishwa katika gereza la Wajerumani akiwa na jambo la kuamua.

Huko gerezani Wajerumani wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, aliyeona wenzake wakianguka, naye anamwomba aseme hivyo, kwa uchungu wa waliokufa na kwa kupenda ukweli. Kinjeketile anakataa, ingawa yeye ndiye wa kwanza kuyatilia shaka. Anajua tamko lake litakavyotumika: wajukuu wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigania uhuru. Vita hakuweza kuizuia, wala wafu hawezi kuwarudisha. Kilichobaki mikononi mwake ni tamko hilo moja, na Mjerumani halipati.