Ukihamia Luano, anza na hesabu ya nauli

Kodi ya nyumba huku Luano ni nafuu kuliko katikati ya Lubumbashi, na hilo ndilo linalowaleta watu. Familia iliyochoka kubanwa na kodi ya mjini inaona lupango lenye ua mpana na nafasi ya kupanda mboga, inasema basi, tuhame kabla ya mvua na kabla masomo hayajaanza. Ila kodi ni sehemu tu ya bei. Sehemu nyingine utailipa kidogo kidogo, asubuhi na jioni, mkononi mwa receveur, yaani mpokea nauli, na hakuna atakayekupa risiti.

Kwa hiyo piga hesabu ya nauli kwanza. Hapa nitatumia franka 1,000 kwa kila mpando ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka nauli ya barabara yako, maana hubadilika bei ya mafuta inapopanda.

Anayetoka Luano kwenda kazini mara nyingi hapandi gari moja. Taxi-bus zetu nyingi zinaishia mjini, hivyo mwenye kazi Katuba au anayesoma chuo kikuu kule Kasapa hushuka na kupanda tena. Mipando 2 ya kwenda na 2 ya kurudi ni franka 4,000 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi ni 96,000. Baba na mama wakitoka wote wawili ni 192,000, na hapo mtoto wa sekondari hajapewa yake. Gawanya kwa bei ya dola ya siku hiyo kwa cambiste, mbadilisha pesa wa mtaani, kisha ulinganishe na kiasi cha kodi utakachookoa. Nauli ikizidi, nyumba hiyo ni ghali hata kama mwenye nyumba anaiita ya bei rahisi.

Hesabu hiyo ni ya siku njema. Siku mbaya ina demi-terrain: dereva anaikata safari katikati, anawashusha wote, halafu anaanza kupakia upya kwenda mbele. Safari ni ileile, nauli ni mbili. Hutokea zaidi saa za watu wengi, yaani saa ambazo mfanyakazi hana nafasi ya kubishana. Ikikupata mara moja tu kwa siku, kwa mfano wetu ni franka 24,000 zaidi kwa mwezi. Kabla hujaweka mguu ndani, uliza kwa sauti ili abiria wengine wasikie: mwisho wa gari ni wapi, na ni bei gani mpaka huko? Receveur aliyejibu mbele ya watu kumi hubadilisha maneno kwa shida.

Chenji nayo ina gharama. Ukitoa noti kubwa, receveur atakuambia subiri, na mkifika mwisho atawapa wewe na mtu usiyemjua noti moja, mkagawane wenyewe. Mmoja kati yenu ataondoka na pungufu. Badilisha pesa yako jioni dukani, panda ukiwa na nauli kamili.

Mama wa soko ana malipo yake ya ziada. Gunia la makala, bidoni ya mafuta, mfuko wa unga wa bukari, kila kimoja kina bei inayotajwa pale pale, na hutajwa mzigo ukiwa umekwisha kupandishwa. Patana mzigo ukiwa bado chini. Ukiona jumla ya mizigo inazidi nauli ya watu wawili, ungana na wenzako mkodi gari dogo la mizigo. Mara nyingi inatoka nafuu kwa kila mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo halilipwi kwa franka. Gari nyingi za Katanga zinatoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, usukani ukiwa kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Basi dogo la namna hiyo lina mlango wa kuteleza upande wa kushoto. Likisimama, mlango unafunguka kuelekea katikati ya barabara, mahali malori yanapopita. Mtazame mtoto wa shule akishuka hapo saa 12 jioni na mkoba mgongoni. Palipo na gari mbili zinazosubiri, panda ile yenye mlango upande wa ukingo, hata kama itakuchelewesha kidogo.

Pikipiki inakupeleka hadi mlangoni na haingoji kujaa. Tuseme inatoza 3,000 kwa safari moja: kwa mwezi ni 144,000 kwa mtu mmoja, nusu nzima juu ya bei ya taxi-bus. Mvua ikinyesha, bei hupanda na usalama hushuka. Ushauri wangu ni kuitumia kwa kipande kifupi tu, kutoka barabara ya lami hadi nyumbani, usiku au siku ya matope. Anayeitumia safari nzima kila siku anamlipia mwenye pikipiki deni lake.

Je, ununue yako? Kwa mafuta peke yake hesabu inapendeza. Kilomita 12 kwenda na 12 kurudi, siku 24, ni kilomita 576. Pikipiki ya sentimita za ujazo 125 iliyo katika hali nzuri inakwenda karibu kilomita 40 kwa lita, hivyo ni lita 14 au 15 kwa mwezi. Lakini muuzaji hatakuambia habari ya nambari, bima, ushuru wa mwaka, leseni, kofia mbili, matairi yanayoliwa na changarawe, na quado, fundi wa matairi, wa kila wiki. Bima usinunue kwa mazoea: sheria ya 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, kwa hiyo omba bei kwa kampuni zaidi ya moja. Na mafuta ya chupa ya kadhafi, muuza mafuta wa barabarani, yakiwa yamechanganywa, yatakuharibia mashine kwa akiba ndogo sana. Kama huna pesa ya kununua na nyingine ya kando kwa karatasi na matengenezo, ngoja. Pikipiki iliyokamatwa kwa kukosa karatasi haimpeleki mtu kazini.

Gari kuukuu, kwa mwenye mshahara wa kawaida, niseme wazi: hapana. Forodha, vipuri na mashimo vitaimeza akiba ya nyumba nzima.

Baiskeli ndiyo nafuu kuliko vyote kwa mwenye safari fupi. Ukiona zinavyobeba makala kuingia mjini, hutauliza kama zinadumu. Nunua yenye chuma kizito na vipuri vinavyopatikana sokoni, uepuke barabara kuu saa za malori.

Mfanyakazi mwenye mkataba aangalie pia karatasi ya mshahara. Sheria ya Kazi ya 2002 haihesabu posho ya usafiri kuwa sehemu ya mshahara. Omba iandikwe peke yake. Ikifichwa ndani ya jumla, siku nauli itakapopanda huna cha kuonyesha ili uombe nyongeza.

Kwa wale wanaokuja Luano kwa ajili ya uwanja wa ndege tu: patana bei ya teksi kabla mzigo haujaingia kwenye buti, na uwe na dola ambazo hazijachanika, maana noti yenye mpasuko mdogo itakataliwa. Uliza pia kama Go-Pass, tozo ya uwanja wa ndege, imo ndani ya tiketi. Malipo hayo yalianza 2009, dola 50 kwa safari za nje, na yamewashitua wengi waliodhani wamekwisha lipa kila kitu.

Sasa, mji wenyewe nao ni mnunuzi, na unanunua kwa pesa yetu. Kila anayetaka kura huahidi mabasi makubwa. Mimi nayataka mabasi hayo, lakini nataka tuyanunue kama mtu mwenye pesa kidogo anavyonunua, kwa kuuliza kwanza kitu kitadumu miaka mingapi na nani atakitengeneza.

Kinshasa ilianzisha mabasi ya Transco 2013 kwa nauli ya franka 500, na watu walifurahi kwa haki. Baadaye mabasi mengi yalilala gereji kwa kukosa vipuri. Addis Ababa ilifungua treni ya mjini 2015, kilomita 34 na treni 41. Miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimesimama, kwa sababu ileile ya vipuri. Dar es Salaam ilianza mabasi ya mwendokasi Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni kwa shilingi 650, na barabara yake ya peke yake kweli iliwapunguzia watu saa za njiani. Kilichowatesa ni uchache wa mabasi: foleni ndefu vituoni na watu kubanana mlangoni. Miji mitatu, bei tofauti sana, na kila mara kilichokosekana ni mpango wa baada ya uzinduzi: vipuri, au mabasi ya kutosha. Meya au gavana akitangaza mabasi 50, swali la raia liwe: pesa ya vipuri vya miaka 5 iko wapi, na gereji iko wapi?

Kwa Luano yenyewe, basi kubwa halitaingia kwenye vichochoro vya udongo mwekundu mwezi wa Januari. Franka ya kwanza iende kwenye mifereji na barabara za kufikia lami. Ya pili iende kwenye vituo vyenye paa na taa. Na lipo jambo lisilohitaji hata franka ya kununua chuma: askari wasimamie safari kamili, anayekata njia katikati atozwe faini. Hilo peke yake lingewarudishia watu wa huku pesa nyingi kila mwezi.

Kabla ya kununua, mji uhesabu mahitaji kwa uaminifu. Ukihesabu abiria waliomo garini tu, utamkosa anayetembea kwa miguu saa 11 alfajiri kwa kukosa nauli, mwanafunzi wa Kasapa anayepanda mara mbili, na mama aliyeacha kwenda soko la mbali kwa sababu ya bei ya mzigo. Hao ndio abiria wa kesho. Viwanja vinauzwa mbali zaidi kila mwaka, na njia ya basi hutengwa kwa bei rahisi pale ambapo bado hakuna nyumba za kubomoa. Lubumbashi ilipata reli 1910 na SNCC, shirika la reli la taifa, ina makao yake hapa, kwa hiyo treni ya wafanyakazi si ndoto. Ila kwa mtu wa Luano inafaa tu ikiwa kuna gari la uhakika la kumfikisha kituoni kwa nauli moja.

Haya yatachukua miaka, nawe unahama mwezi huu. Sheria ya kodi za nyumba ya Desemba 2015 inasema dhamana ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Ukiombwa 6, itaje, na hiyo miezi 3 unayookoa iweke kando iwe nauli ya mwanzo. Kabla ya kulipa, nenda Luano Jumatatu saa 12 asubuhi, ikiwezekana siku iliyofuata mvua, usimame mahali utakaposimama kila siku. Hesabu gari zinazopita zimejaa, waulize akina mama wanaosubiri wanatumia franka ngapi kwa wiki, halafu panda mpaka kazini kwako ukiangalia saa.