Arobaini si Kifungo

Mgeni akikaa pwani mwezi mmoja huondoka na lawama mbili. Ya kwanza, kwamba Waswahili tunaficha hali zetu: mtu kalala na homa, akiulizwa "Hujambo?" anajibu "Sijambo." Ya pili, kwamba mwanamke akijifungua tunamfungia ndani siku 40.

Ya kwanza haihitaji maneno mengi. "Sijambo" ni adabu tu. Habari yenyewe hufuata baadaye, "ila mwili, mwanangu, hauna nguvu," na humfikia aliyevuta mkeka akakaa. Anayesalimia huku anapita asilaumu mtu.

Arobaini ndiyo inayoniuma ikisingiziwa. Mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, hakulazimika kumwambia mtu yeyote kwamba kachoka. Mimba ya kwanza alirudi kwao, akajifungua mama yake akiwa karibu. Kila siku alikandwa kwa maji ya moto, kiuno, mgongo na nyonga, na bibi aliyejua pa kukaza mkono na pa kulegeza. Tumboni akafungwa mkaja. Akanyweshwa uji wa pilipili manga mpaka jasho limtoke, akafukizwa udi. Ndoo hakuishika, jikoni hakuingia. Majirani walileta chakula, wakafua vinguo vya mtoto, wakaondoka bila kungoja kuombwa. Mume akitaka jambo, alijibiwa na wakubwa wa nyumba, si na mzazi. Heshima ya siku zile haikuishia hapo: binti akija kuposwa, mama yake hupewa fedha ya mkaja, kwa ajili ya tumbo lililombeba.

Kwamba zipo nyumba ambamo mama mkwe aliigeuza arobaini kuwa amri, sibishi.

Leo mzazi yuko chumba cha kupanga Dar es Salaam, mama yake yuko Tanga, wifi yuko kazini. Siku ya tatu anainamia beseni la nguo. Jirani akipita dirishani na kumjulia hali, anajibu "sijambo, nashukuru," kama alivyolelewa, na jirani anaendelea na safari yake. Zamani jibu hilo halikumdhuru, kwa sababu nyumba nzima ilikwisha kujua kwamba hana nguvu. Sasa asiposema mwenyewe, hakuna ajuaye.

Nitaambiwa sheria ipo. Ni kweli: sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa hesabu, hizo ni arobaini mbili na zaidi, nami nazishukuru. Lakini sheria haikandi mgongo wala haipiki uji, na mama ntilie au mchuuza samaki hana mwajiri wa kumwomba ruhusa.

Basi anayeiita arobaini kifungo anijibu kwanza: siku ya tatu, nguo za mzazi atafua nani?