LAND ROVER INA SPEA, BINADAMU HANA

Mfanyakazi wa shambani anaifahamu Land Rover tangu utotoni. Ndiyo iliyoleta mishahara siku ya malipo. Ndiyo iliyompeleka mama mjamzito hospitali usiku wa mvua, na ndiyo iliyomleta msimamizi kuhesabu magunia. Leo nyingi zimelala nyuma ya karakana na majani yameota mpaka kwenye usukani. Zikiuzwa kwa mnada, mara nyingi anayeshinda ni mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye huzipima kwa kilo.

Makala hii ni kwa ndugu mfanyakazi anayetaka kumtangulia mnunuzi huyo, ailete gari nyumbani na kuifufua kwa mikono yake. Jambo hilo linawezekana. Lakini gari la zamani lina hatari zake, na huko uani hakuna kamati ya usalama. Wewe ndiye fundi, wewe ndiye msimamizi, na wewe ndiye mkaguzi.

KWA NINI LAND ROVER

Gari hili lilibuniwa na Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, ambaye katika shamba lake huko Wales alikuwa akitumia Jeep iliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Gari la majaribio lilitengenezwa mwaka 1947 juu ya chesisi ya Jeep, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam. Wakati ule chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa bati la aluminiamu. Series II ilitoka mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985.

Kwa fundi wa nyumbani jambo kubwa ni hili: sehemu nyingi za gari hili zimefungwa kwa nati na bolti. Mabawa, milango, sakafu na paa hufunguliwa kwa spana za kawaida. Bati lake ni tambarare, hivyo hata likipondeka hunyooshwa kwa nyundo na kipande cha mti. Na mwaka 2016 kampuni yenyewe ilianza kuzifufua Series I za zamani na kuwauzia watu wenye fedha. Basi usikubali kuambiwa kwamba kilicholala nyuma ya karakana ni takataka tu.

KAGUA CHESISI KABLA YA KUTOA FEDHA

Wengi wetu hufungua boneti kwanza. Hilo ni kosa. Injini mbovu hutengenezwa au hubadilishwa, lakini chesisi iliyooza itakula akiba yako yote.

Aluminiamu haioti kutu kama chuma, lakini chesisi ni ya chuma, na ina uwazi ndani kama sanduku refu. Matope na maji huingia humo, kutu inaanza kula kutoka ndani, na nje rangi inaonekana nzuri. Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chesisi yote, kuanzia ncha za mbele zinazoshika springi mpaka boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kufa, na bisibisi ikisukumwa huingia. Angalia pia mahali aluminiamu inapokutana na chuma. Hapo unyevu hufanya madini hayo mawili yaliane, na utaona unga mweupe. Wakati wa kurudisha bodi, paka rangi pande zote mbili na uweke kitambaa cha lami au mpira katikati.

Halafu tazama karatasi. Namba ya chesisi ilingane na ile iliyo kwenye kadi ya gari, na risiti ya mnada iwe na jina lako. Pasipo karatasi hizo, umenunua kesi.

JEKI SI NGUZO

Land Rover ndogo kuliko zote ina uzito wa zaidi ya tani moja. Jeki kazi yake ni kuinua, si kushikilia. Ukishainua, weka stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu chini ya chesisi. Usitumie matofali wala bloku za saruji, kwa sababu hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Fanyia kazi mahali tambarare penye udongo mgumu. Kabla ya kuingia chini, litikise gari kwa nguvu. Likicheza, usiingie. Na siku zote awepo mtu karibu anayejua kwamba uko chini ya gari.

Jihadhari pia na hendi breki. Ile ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu yenyewe, bali inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, hilo lililo hewani linaweza kuzunguka kinyume na mwenzake wa chini, na gari likatembea ingawa hendi breki imevutwa mpaka mwisho. Dawa yake ni kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Kabari ni vipande vya mbao tu, havina gharama.

VUMBI LA BREKI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kwa miaka mingi nilikuwa makanika katika karakana ya shamba la chai. Kila tulipofungua dramu ya breki tulichukua bomba la upepo na kupuliza. Vumbi la kijivu lilijaa karakana yote, sisi tunacheka na kufuta uso kwa mkono. Jioni nilirudi nyumbani na ovaroli ileile, watoto wakanirukia, na mke wangu akaifua kwa mikono. Hakuna bwana mkubwa aliyetuambia neno, nasi hatukuuliza.

Lainingi za breki na klachi za magari ya miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto. Nyuzi zake ni nyembamba hata macho hayazioni. Zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na mtu hasikii maumivu yoyote siku hiyo. Ugonjwa huja baada ya miaka 10, 20, hata 40: mapafu kukakamaa, saratani ya mapafu, au saratani ya utando unaoyazunguka. Kwa mvuta sigara hatari ya saratani ya mapafu ni kubwa zaidi. Na wake wa wafanyakazi waliofua nguo zenye vumbi hilo nao waliugua, ingawa hawakukanyaga kiwandani. Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, lilipitisha Mkataba namba 162 kuhusu asbesto mwaka 1986. Lakini gari lililotengenezwa kabla ya hapo linaweza kuwa bado na vumbi lake ndani ya dramu.

Kwa hiyo, ukifungua breki za gari la zamani, chukulia kwamba vumbi lile ni asbesto. Usilipulize, wala kwa bomba wala kwa mdomo. Usilifagie likiwa kavu. Lilowanishe taratibu kwa maji yenye sabuni, lifute kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho ukifunge ndani ya mfuko wa plastiki, mifuko miwili, bila kukitumia tena. Fanya kazi hiyo nje, watoto wakiwa mbali. Lainingi za zamani usizipige tupa wala msasa. Ng'oa, funga, na ufunge mpya zisizo na asbesto. Leso puani haizuii nyuzi hizo. Nguo za kazi ziloweshwe peke yake, na azifue aliyezivaa.

Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Usiikwangue ikiwa kavu wala usiichome kwa moto. Tumia msasa wa maji, na mabaki yasimwagwe mahali watoto na kuku wanapochezea.

INJINI NA MOTO

Injini ya petroli ya Series II, IIA na III yenye silinda 4 na ujazo wa lita 2.25 ni mvumilivu. Kabla ya kuibomoa, badilisha oili, safisha kabureta na tangi, weka plagi mpya. Uwazi wa vali ni milimita 0.25, wa pointi ni kati ya 0.35 na 0.40, na silinda hupiga kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Injini nyingi zilizoitwa zimekufa zilikuwa na pointi chafu tu.

Tangi la petroli la ile ya inchi 88 liko chini ya kiti cha mbele. Kabla ya kuchomelea popote kwenye chesisi, ondoa betri, toa tangi na ulipeleke mbali. Wala usidanganyike kwamba tangi tupu ni salama. Tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Breki za wengi wa magari haya zina mfumo mmoja wa mafuta. Paipu moja ikivuja, magurudumu yote manne hayana breki. Badilisha paipu na raba zote, na utie mafuta ya breki peke yake. Anayetia oili ya injini anavimbisha raba, na anayetia maji ya sabuni analeta kutu. Gari lisitoke uani kabla breki hazijakaguliwa na fundi mwingine.

Fanya kazi kwa mpango: chesisi, breki, injini, nyaya za umeme, na rangi mwisho kabisa. Usikope kwenye chama cha akiba kwa ajili ya rangi. Nunua kipande kimoja kila mwezi. Hata ikichukua miaka 3, hakuna anayekukimbiza.

Na kesho utakaporudi kazini, itazame karakana ya mwajiri kwa macho mapya. Je, bado mnapuliza dramu kwa upepo? Je, kuna stendi, au ni jeki na matofali? Lipeleke swali hilo kwenye mkutano wa tawi, liandikwe kwenye kumbukumbu. Spea ya Land Rover ya mwaka 1965 bado inapatikana. Spea ya mapafu ya fundi haipo dukani popote.