Chumvi ya Malaba na Tone la Lugol (Sehemu ya Pili)

Mkazi wa Osukuru, huku mashariki mwa Uganda, ni mtu wa mawe. Vilima vya Sukulu vina fosfeti, chuma na niobiamu, na hapo jirani Tororo wanachoma chokaa wapate saruji. Ila iodini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita madini joto, hatuichimbi vilimani. Hutujia kwa lori. Chumvi ya bahari inayovunwa Gongoni na Marereni, kaunti ya Kilifi, hutiwa iodini kiwandani, kisha husafiri karibu kilomita elfu moja hadi kwenye foleni ya mpakani Malaba. Wiki iliyopita nilieleza jinsi chumvi hiyo ilivyopunguza rovu shingoni mwa watu wetu, hasa walaji wa muhogo, chakula ambacho huibania tezi ya shingo iodini pale iodini yenyewe inapokuwa haba.

Tangu hapo naulizwa swali lile lile. Ikiwa iodini kidogo huzuia rovu, mbona iodini nyingi isiondoe saratani ya titi? Wanaouliza wamesikia habari za matone ya Lugol, maji ya kahawia yenye iodini, yanayosifiwa kuwa tiba ambayo madaktari wanaificha.

Tuanze na hesabu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha, 250. Tone moja la Lugol ya asilimia 5 lina takriban miligramu 6, yaani mikrogramu 6,000. Hiyo ni haja ya siku 40, imemezwa kwa mkupuo. Wahubiri wa tiba hii huko Marekani hutaja hata miligramu 50 kwa siku, kiasi kinachokaribia haja ya mwaka mzima. Tezi iliyozoea njaa ikishibishwa ghafla huweza kwenda mbio: moyo unadunda, mikono inatetemeka, mwili unakonda. Mambo hayo yalionekana Kivu na Zimbabwe katika miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipoingia kwa wingi. Na hiyo ilikuwa chumvi tu.

Lugol mwenyewe alikuwa daktari wa Paris. Alipochanganya dawa yake mwaka 1829 alikusudia kutibu kifua kikuu, na kifua kikuu hakikusikia. Karibu miaka mia baadaye ndipo ilipopata kazi yake ya haki, kumtuliza mgonjwa wa tezi kabla ya upasuaji.

Hoja kubwa ya watetezi wake ni Japani: wanawake wa huko hula mwani wenye iodini tele, na kwa miaka mingi saratani ya titi ilikuwa chache kwao kuliko Marekani. Ni kweli ilikuwa chache. Lakini njoo Kampala, ambako saratani zimekuwa zikiandikishwa tangu miaka ya 1950. Huko nako saratani ya titi ilikuwa chache kuliko Ulaya, na hakuna bibi wa Kyadondo aliyekuwa akipika mwani. Kuzaa mapema, kuzaa watoto wengi na kunyonyesha muda mrefu ni mambo yanayojulikana kupunguza hatari hiyo. Isitoshe, Japani mwani bado unaliwa, na saratani hiyo imezidi kupanda.

Watasema iodini imeua seli za saratani maabara. Imeziua, naam. Hata sabuni ingeziua ndani ya kisahani cha maabara. Uvimbe ulio ndani ya titi la mtu ni jambo lingine, na uvimbe haumsubiri anayehesabu matone: wagonjwa wengi wa titi nchini Uganda hufika kwa madaktari ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne.

Sasa nikiri jambo. Iko saratani moja ambayo iodini huitibu kwelikweli, nayo ni ya tezi yenyewe ya shingo. Tangu miaka ya 1940 hutumika iodini ya mnururisho, iodini-131, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila siku 8. Seli za tezi huila iodini kwa uroho. Zikiila hii, zimekula mauti yao. Basi sikiliza ajabu yake: kabla ya tiba hiyo mgonjwa huambiwa aache chumvi yenye iodini kwa wiki moja au mbili, ili seli zile ziwe na njaa. Aliyekuwa akinywa Lugol ameshazishibisha. Iodini ya hospitali ikija, hainaswi. Mtu mmoja ambaye iodini ingemfaa, matone yamemharibia.

Lugol ina kazi nyingine mbele ya saratani, na kwa hii hainywewi. Mwanafunzi aliyewahi kudondosha iodini juu ya kipande cha muhogo akaona kimegeuka bluu karibu na nyeusi ataielewa upesi. Katika uchunguzi wa mlango wa kizazi, mhudumu hupaka kwanza siki, kisha Lugol. Seli nzima zimehifadhi sukari ya akiba inayofanana na wanga wa muhogo, kwa hiyo hugeuka kahawia iliyokolea. Zenye kasoro zimeishiwa sukari hiyo, nazo hubaki manjano kama haradali. Si kila doa la manjano ni saratani, ila hapo ndipo mhudumu anaposogeza taa na kutazama tena.

Kwa nini huanza na siki, tutaona wiki ijayo.