Saratani ya Tumbo: Kwa Nini Daktari Huondoa Tezi Hata Uvimbe Ukiwa Mdogo

Familia nyingi hushangaa zinapoambiwa kwamba mgonjwa wao ana uvimbe mdogo wa saratani tumboni, kisha daktari anapendekeza kukata sehemu ya tumbo pamoja na tezi zilizo kando yake. "Kama ni mdogo, mbona mkate sehemu kubwa hivyo?" Swali hilo ni la haki. Ni vyema kila mkazi ajue jibu lake kabla ya kutia sahihi fomu ya kukubali upasuaji.

Saratani husambaa vipi?

Tumbo, yaani mfuko unaopokea chakula, lina ukuta wenye tabaka kadhaa. Saratani nyingi za tumbo huanza kwenye utando wa ndani kabisa. Huitwa saratani ya mapema ikiwa bado imo katika utando huo au tabaka linalofuata, na haijafika kwenye misuli.

Katika ukuta huo mna mishipa myembamba ya limfu. Mishipa hiyo hupeleka majimaji ya mwili kwenye tezi ndogo mfano wa maharagwe, ambazo huyachuja. Ni tezi za aina ile ile inayovimba kwapani au kinenani mtu anapopata kidonda. Seli za saratani zikiingia katika mishipa hiyo, husafiri na kutua kwenye tezi za karibu.

Ndiyo maana daktari hauliza upana wa uvimbe tu, bali pia umeingia ndani kiasi gani. Saratani ikiwa katika utando wa ndani pekee, kwa kawaida wagonjwa wasiofika 5 kati ya 100 huwa imefika kwenye tezi zao. Ikiingia tabaka la pili, hao huongezeka hadi takriban 20 kati ya 100. Tezi hizo huwa haziumi, na hata picha ya CT inaweza kuzikosa, kwa kuwa tezi iliyoingiliwa haivimbi kila mara.

Matibabu

Uvimbe wa juu juu usiozidi sentimita 2, usio na kidonda na wenye seli zisizo kali, unaweza kuondolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, bila kupasua. Kipande hicho hupimwa maabara. Ikionekana saratani imeingia ndani zaidi, mgonjwa anaweza kuhitaji upasuaji.

Katika upasuaji, daktari huondoa sehemu ya tumbo, au tumbo lote, pamoja na tezi zilizolizunguka. Kwanza, huondoa saratani iliyojificha. Pili, maabara hupima tezi hizo, angalau 16, ili kujua ugonjwa umefika wapi na kama mgonjwa anahitaji dawa za kemo.

Baada ya upasuaji, mgonjwa hula kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku. Aliyeondolewa tumbo lote huhitaji vitamini B12 maisha yake yote, mara nyingi kwa sindano.

Usingoje

Saratani ya mapema mara nyingi haina dalili, au hufanana na vidonda vya tumbo. Dawa za kupunguza asidi zinaweza kutuliza maumivu huku saratani ikiendelea. Nenda hospitali ukiwa na kiungulia au maumivu yasiyoisha, ukishiba upesi, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami. Ukipatikana na bakteria wa H. pylori, maliza dawa zote ulizoandikiwa, kwani bakteria hao huongeza hatari ya saratani hii.

Ukishapewa majibu, muulize daktari: Saratani imefika tabaka gani? Je, inaweza kutolewa kwa kamera? Ni tezi ngapi zitaondolewa na kupimwa? Hakikisha pia umejisajili na SHA kabla hujaugua.